Nani Kautunga? Muziki wa Morogoro na haki ya mtunzi, kutoka santuri hadi simu

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, mpenda dansi aliyejikuta Morogoro mwishoni mwa juma alikuwa na kazi ya kuchagua. Cuban Marimba walikuwa na mashabiki wao, Morogoro Jazz walikuwa na wao, na kila upande uliapa kwamba bendi yake ndiyo yenye mji. Mji wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa umekaa chini ya milima ya Uluguru, kilomita 190 hivi kutoka Dar es Salaam, ukiishi kwa reli, katani na mboga zinazoshushwa kutoka Mgeta. Hata hivyo nyimbo zilizotungwa hapo zilichezwa Mombasa, Nairobi na Kampala, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Morogoro walizijua kwa moyo.

Nyimbo hizo bado zipo. Kijana mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza leo kusikiliza zilipendwa za Morogoro kutwa nzima bila kulipa chochote kwa mtunzi. Gita linasikika, tumba zinasikika, sauti ya mwimbaji imefika salama baada ya miaka sitini. Kilichopotea njiani ni majina. Kila muziki ulipohama chombo, kutoka santuri kwenda redio, kutoka redio kwenda kaseti, kutoka kaseti kwenda mtandaoni, habari za nani alitunga, nani alipiga na nani anastahili kulipwa zilidondoka kidogo kidogo. Historia ya upotevu huo inamhusu kila anayechukua kitu mtandaoni, uwe wimbo, picha au maandishi.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya katani yakaenea pembezoni mwa reli, na vibarua wakaja kutoka kila kona ya nchi. Watu wa makabila mengi wakajikuta wakiishi mji mmoja na kuzungumza Kiswahili. Walikuwa na mshahara, hata kama mdogo, na walikuwa na jioni zao. Katika mazingira hayo gramafoni ilipata wateja.

Mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kuuza barani Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi G.V. Zilikuwa sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika, na nyingi zilibeba muziki wa Kuba. Mojawapo ya za mwanzo kabisa ilikuwa na wimbo "El Manisero", uliotungwa na Moisés Simons wa Havana na kurekodiwa na okestra ya Don Azpiazú. Watu wa Leopoldville, Mombasa na Morogoro waliusikia mdundo huo wakautambua kana kwamba ni wa nyumbani, na kwa namna fulani ulikuwa wa nyumbani, maana ulikuwa umevuka Bahari ya Atlantiki pamoja na Waafrika waliopelekwa utumwani.

Miongoni mwa waliovutwa na santuri hizo alikuwa kijana wa Morogoro, Salum Abdallah Yazidu. Inasimuliwa kwamba aliipenda Kuba kiasi cha kutoroka nyumbani ili aifuate, safari ikamwishia Mombasa. Mwaka 1948 akaunda kikundi na wenzake wakakiita La Paloma. Baadaye kikaitwa Cuban Marimba, na Salum, aliyejulikana pia kwa herufi zake tatu, SAY, akawa nyota wake.

Jina hilo la kwanza, La Paloma, linastahili kutazamwa kidogo. Lilikuwa jina la wimbo uliotungwa na Mhispania Sebastián Iradier baada ya kukaa Kuba, katika karne ya kumi na tisa. Mtunzi huyo huyo alikuwa na wimbo mwingine uitwao "El Arreglito". Georges Bizet, Mfaransa aliyekuwa akiandika opera yake ya "Carmen", aliusikia, akadhani ni wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe, akautumia kama msingi wa Habanera, kipande ambacho hadi leo ndicho mashuhuri kuliko vyote katika opera hiyo. "Carmen" ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1875. Iradier alikuwa amefariki miaka kumi kabla. Bizet alipoelezwa kwamba wimbo ule una mtunzi anayejulikana, aliongeza maelezo kwenye chapisho la muziki wake akitaja ulikotoka.

Kwa hiyo bendi ya Morogoro ilijibatiza kwa wimbo wa mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuchukuliwa kazi yake kwa kudhaniwa haina mwenyewe. Dhana hiyo ya "haina mwenyewe" ndiyo chanzo cha madhara mengi. Anayechukua hajioni mwizi. Anajiona ameokota. Bizet alifanya lililo sahihi alipojua: aliandika jina. Wengi waliokuja baada yake, wakiwa na njia rahisi zaidi za kujua, hawakuandika.

Je, Salum Abdallah naye alichukua? Alichukua mdundo, alichukua mpangilio wa ala, alichukua hata neno Cuban. Lakini mdundo wa rumba hauna mmiliki, kama vile bahari za ushairi, uwe utenzi au tarbia, zisivyo na mmiliki. Sheria za hakimiliki duniani kote zinalinda kazi yenyewe, yaani maneno yaliyotungwa na sauti zilizopangwa. Mtindo hauzuiwi kwa mtu yeyote. Salum aliusikiliza mtindo wa Kuba akautungia Kiswahili, akaimba mambo ya Morogoro na ya Tanganyika iliyokuwa ikielekea uhuru. "Ngoma Iko Huku" na "Shemeji Shemeji" ni nyimbo zake. Huko ndiko kujifunza kutoka kwa mwingine: unachukua njia, safari unaifanya mwenyewe.

Nyimbo zake zilitoka kwenye santuri, nyingi kwa lebo ya Mzuri ya Mombasa. Mtu akiishika santuri ya mizunguko 45 ya enzi hiyo na kuitazama kwa karibu, anaona mengi katika duara la karatasi lililobandikwa katikati, lisilozidi upana wa kiganja cha mtoto. Kuna jina la lebo kwa herufi kubwa. Kuna jina la wimbo. Chini yake jina la bendi. Mara nyingi, kwa herufi ndogo ndani ya mabano, kuna jina la mtunzi. Pembeni kuna namba ya sahani, na kwenye sehemu laini karibu na duara hilo kuna namba nyingine iliyochongwa kwenye plastiki yenyewe. Hicho ndicho kilikuwa cheti cha kuzaliwa cha wimbo, na huwezi kuicheza sahani bila kukishika mkononi.

Wanamuziki wa dansi walikuwa na njia nyingine ya kuweka saini. Ilikuwa kawaida mwimbaji kuitaja bendi yake ndani ya wimbo, kumwita mpiga solo kwa jina kabla gita halijaingia, kuwasalimu wenzake na hata mashabiki wa mji fulani. Hiyo ndiyo sababu baadhi ya majina yamenusurika hadi leo. Karatasi ilichanika, lakini jina lililoimbwa lilibaki ndani ya sauti.

Jambo hili la jina si geni Uluguru. Waluguru hufuata ukoo kwa upande wa mama, na katika utawala wao wa jadi jina ni sehemu ya urithi. Chifu wa Kinole, upande wa mashariki wa milima, huitwa Kingalu. Akifariki, anayetawazwa hulichukua jina hilo, na hesabu ya akina Kingalu imeshavuka kumi. Soko kuu jipya la Manispaa ya Morogoro nalo limepewa jina la Chifu Kingalu. Kwa watu wa milima hii, jina hutunzwa na kukabidhiwa, na mwenye kulichukua huchukua pamoja nalo wajibu kwa waliomtangulia. Mji ulio chini ya milima hiyo hiyo ulipoanza kuzalisha nyimbo kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki nzima, majina ya watunzi hayakupata ulinzi wa namna hiyo.

Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mjini Morogoro mwezi Novemba 1965. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza. Wakati huohuo upande wa pili, Morogoro Jazz, bendi iliyokuwapo tangu miaka ya arobaini, ilikuwa imempokea kijana mpiga gita aliyezaliwa Juni 1944: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Mbaraka alikuwa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi kwa pamoja. Chini yake Morogoro Jazz ikawa bendi ya taifa zima, kiasi cha kuchaguliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 huko Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliihama akaanzisha Super Volcano. Wimbo wake "Shida" uliuzwa sana Kenya na Tanzania, na hadi leo ni nadra kumkuta mtu wa makamo asiyeujua.

Tatizo lilikuwa kwamba Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka sahani ililazimika kwenda Nairobi, na huko ndiko mikataba ilikosainiwa, hesabu za mauzo zilikowekwa na fedha zilikokusanywa. Wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki wa enzi hiyo walilipwa kwa mkupuo: umerekodi, umepewa fedha yako, kwaheri. Aliyekuwa na mkataba wa kulipwa kwa kila nakala hakuwa na njia ya kuhakiki nakala ngapi zimeuzwa. Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe alifariki katika ajali ya gari Mombasa, upande wa pili wa mpaka uliofungwa, akiwa na umri wa miaka 34. Polygram ya Nairobi ikatoa mfululizo wa santuri ndefu za nyimbo zake, ukaitwa "Ukumbusho".

Ndani ya nchi, studio kubwa ilikuwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za mikoani, na nyimbo zikapigwa nchi nzima. Kwa upande wa jina, redio ilikuwa mlinzi mwema. Mtangazaji alitaja wimbo, bendi na mara nyingi mtunzi, na wasikilizaji walivishika vyote vitatu. Kwa upande wa fedha haikuwa hivyo. Mwanamuziki alijulikana Kigoma na Mtwara bila mfuko wake kupata habari hizo.

Sheria ilikuwapo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966, miaka mitano tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Lakini hakukuwa na chombo cha kuwakusanyia watunzi mirabaha, na mtunzi aliyedhulumiwa alitakiwa kwenda mahakamani mwenyewe, kwa gharama zake, dhidi ya mtu mwenye wakili. Sheria ya namna hiyo inabaki kabatini.

Halafu ikaja kaseti. Philips walikuwa wameibuni mwaka 1963, na kufikia miaka ya themanini ilikuwa imeenea hadi vijijini. Mitaani vikazuka vibanda vya kurekodi. Ndani yake kulikuwa na redio kaseti yenye sehemu mbili za kanda, rundo la kanda za bendi mbalimbali na kijana mwenye kalamu. Mteja alileta kanda tupu au aliinunua hapohapo, akataja nyimbo anazozitaka, akaenda zake sokoni, akirudi jioni anakuta zimeshajazwa. Mgongoni mwa kasha kijana ameandika kwa mkono: "Zilipendwa Na. 3" au "Mchanganyiko". Nyimbo kumi na mbili za bendi saba, na hakuna jina hata moja la mtunzi.

Ni vigumu kumlaumu sana yule kijana wa kibanda. Santuri hazikuwa zikipatikana, nchi ilikuwa katika ukata, na bila kaseti zile nyimbo nyingi pengine zisingefika kizazi kilichofuata. Alihifadhi muziki na wakati huohuo alimnyima mtunzi senti yake na jina lake. Mambo yote mawili ni kweli, na yeyote anayepakia zilipendwa mtandaoni leo anasimama mahali palepale aliposimama kijana yule. Tofauti ni kwamba leo nafasi ya kuandika majina ipo, haina gharama, na inatosha hata kwa mpiga tumba.

Jina lisipoandikwa mapema, gharama yake huja baadaye. Wimbo "Malaika" unajulikana dunia nzima kupitia Miriam Makeba, Boney M na wengine wengi, na mpaka sasa wanaougombania utunzi wake hawajapatana: Fadhili William wa Kenya alijulikana kwa kuurekodi, naye Adam Salim alidai kwamba ndiye aliyeutunga. Huko Afrika Kusini, Solomon Linda alirekodi "Mbube" mwaka 1939 akalipwa fedha kidogo. Wimbo huo ulipogeuzwa kwa Kiingereza ukaingiza mamilioni, naye akafariki maskini mwaka 1962. Familia yake ilifikia makubaliano na wenye kunufaika na wimbo huo mwaka 2006, miaka 67 baada ya siku ile ya studio.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne, mkataba mkuu wa kimataifa wa kulinda kazi za fasihi na sanaa, mwaka 1994. Mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, na chini yake ikaundwa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini. Sheria hii ilimpa mtunzi haki za aina mbili. Ya kwanza ni ya kiuchumi: kuamua nani anakili, anauza, anatangaza au anatafsiri kazi yake, na kulipwa. Ya pili ni ya kimaadili: kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na kuzuia kazi yake isiharibiwe. Hakishiriki nayo iliwagusa waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa kurekodi, ambao kabla ya hapo walionekana kama vibarua wa siku moja.

Utekelezaji ulikwenda polepole. Miaka ya 2000 zilikuja stika za kutofautisha kaseti halali na feki, na mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ikaanza kubandika stempu zake kwenye kazi za muziki na filamu. Wakati stempu zinabandikwa kwenye CD, wasikilizaji walikuwa wameshaanza kuhamia kwenye simu. Mwezi Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuona kwa macho kwamba wimbo uliopigwa redioni unaweza kumrudia mtunzi kama fedha.

Sehemu moja ya sheria hiyo ya 1999 haizungumzwi sana, nayo inaigusa Uluguru moja kwa moja. Inalinda sanaa za jadi: hadithi, nyimbo, ngoma na mapambo yaliyorithishwa ndani ya jamii bila mtunzi mmoja anayejulikana. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo lililopewa usimamizi wake. Anayetaka kuitumia sanaa hiyo kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kupata idhini, na anayeichapisha au kuitangaza anatakiwa kutaja jamii au mahali ilipotoka. Kwa maneno mengine, wimbo wa unyago au wa kilimo uliorekodiwa kwa simu kwenye kijiji cha Matombo si mali ya kuokota. Wimbo usio na jina la mtunzi una jina la ukoo, la kijiji na la mlima. Anayeuweka mtandaoni chini ya maneno "muziki wa Kiafrika" ameshafuta yote hayo.

Enzi ya simu ilileta pia kesi iliyowazindua wengi. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wasanii AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni mbili kwa nyimbo zao mbili kutumika kama miito ya simu bila idhini yao. Kesi ilikatiwa rufaa na kuendelea mbele, lakini tangu siku ile watunzi wachanga wakaanza kuuliza maswali kabla ya kusaini, na wenye makampuni nao wakaanza kuuliza nani hasa mwenye wimbo. Wasanii wa kizazi kipya wa Morogoro, kutoka Afande Sele hadi Stamina na Belle 9, wamefanya kazi katika nchi yenye swali hilo. Salum Abdallah na Mbaraka hawakuwahi kuulizwa.

Mtandaoni hali ya nyimbo za zamani ni ya mchanganyiko. Zipo chaneli zinazoandika kwa uangalifu bendi, mwaka, mtunzi na waliopiga, na mashabiki wazee hurekebisha makosa kwa ukarimu. Zipo nyingine zinazopakia "Zilipendwa Mix" ya saa mbili na picha ya machweo, na tangazo la biashara kila baada ya dakika chache. Faili likihamishwa kutoka simu hadi simu hufika likiwa na kichwa "Track 07" na maneno "Unknown Artist". YouTube ilianza mwaka 2007 mfumo wake wa kutambua sauti na kuioanisha na mmiliki aliyejisajili, uitwao Content ID. Mfumo huo unamtambua aliyejiandikisha. Haujui nani alikaa usiku kucha Morogoro akitafuta maneno ya ubeti wa pili. Mtu asiyehusika kabisa akitangulia kusajili wimbo wa zamani, mapato yanaweza kumfuata yeye, na familia ya mtunzi ndiyo itakayotakiwa kuthibitisha kwamba wimbo ni wa mzee wao.

Njia iliyo bora ipo na imeshajaribiwa. Mwaka 2000 lebo ya Dizim ya Ujerumani ilitoa CD ya nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba za kati ya 1955 na 1965, ikiitwa "Ngoma Iko Huku". Kazi hiyo, iliyosimamiwa na mtafiti Werner Graebner, ilikuja na kijitabu kinachoeleza historia ya bendi. Msikilizaji wa Ulaya aliyekuwa hajui hata Morogoro iko wapi alipata sauti na pia akapata watu walioitoa. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu muziki huu inatoka kwa watafiti na wanamuziki waliokwenda kuuliza, wakaandika walichoambiwa na nani aliwaambia.

Kuna hesabu ambayo kila mwenye chaneli ya zilipendwa anapaswa kuifanya. Sheria ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah alifariki 1965, kwa hiyo kwa sheria hiyo ulinzi wa nyimbo alizotunga uliishia 2015. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, na nyimbo alizotunga zinalindwa hadi 2029. Nchi nyingi za Ulaya zinahesabu miaka 70. Wimbo uliopakiwa Kihonda, mjini Morogoro, unasikilizwa Oslo na Muscat dakika hiyohiyo, kwa hiyo hesabu ya nchi moja haitoshi kumtuliza mtu. Anayetaka kuutumia wimbo wa Mbaraka kwenye tangazo, filamu au mchanganyiko wa kibiashara leo anatakiwa kuomba idhini.

Na nyimbo za Salum? Muda wa ulinzi ukiisha, yeyote anaweza kuzipiga upya, kuzichapisha na kuziuza bila kulipa. Hiyo ni haki ya jamii, nayo ni nzuri: ndiyo inayowawezesha vijana wa leo kuimba upya "Ngoma Iko Huku" kwa mtindo wao. Lakini kumtaja Salum Abdallah kunabaki kuwa deni hata baada ya fedha kuacha kudaiwa. Sheria hupanga tarehe ya mwisho ya malipo. Ukweli kuhusu nani alitunga hauna tarehe ya mwisho.

Morogoro ya leo ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa mwaka 1984, Mzumbe iko upande wa barabara ya Iringa, na vyuo vingine vimefuata. Maelfu ya vijana huandika kila mwaka tasnifu na makala kwa kutumia mtandao. Wanachofundishwa kuhusu maandishi, yaani kunukuu kwa kiasi, kutaja mwandishi na chanzo, kutofautisha maneno yako na ya mwingine, ndicho sheria inachosema pia kuhusu nyimbo na picha. Inaruhusu kunukuu, kufundishia na kutumia binafsi, mradi chanzo na jina la mtunzi vitajwe pale inapohusika. Mwanafunzi anayebandika picha ya maporomoko ya Uluguru aliyoikuta mtandaoni bila kutaja mpigapicha amefanya kosa lilelile la kanda ya "Mchanganyiko", hata kama aya zake zote zina marejeo.

Kazi iliyobaki ni ya mikono na ina haraka. Waliopiga gita la rizimu, besi na tumba katika bendi za Morogoro za miaka ya sitini na sabini, walio hai, ni wazee. Wao ndio wanaojua nani alikuwa kwenye rekodi ipi, nani alileta maneno na nani alileta muziki. Idara za muziki na historia za vyuo vyetu, maktaba ya redio ya taifa yenye kanda za zamani, COSOTA yenye daftari la usajili, na mashabiki wenye masanduku ya santuri chini ya vitanda, kila mmoja ana kipande cha orodha hiyo. Familia za watunzi zinaweza kusajili kazi za wazee wao kabla mtu mwingine hajawatangulia. Wenye chaneli wanaweza kuanza na nyimbo walizokwisha kuzipakia: kurudi kwenye maelezo chini ya kila wimbo, kuandika bendi, mtunzi, mwaka na santuri ulikotoka, na kuondoa zile walizokataliwa na wenye haki. Mwaka 2029 hauko mbali, na mpaka wakati huo nyimbo alizotunga Mbaraka zina wenyewe, nao wanapatikana.